Kuanzisha repo ya Git kwa terminali bila kuchoma bando

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya machalii na madada wa hapa Chuga (Arusha) wanaotengeneza saiti za kampuni za utalii, manake hiyo ndo kazi inayopatikana sana mjini hapa, ila hata kama we uko Moshi unaandika programu ya duka la vipuri hatua ni zilezile. Tunachukua folda ambayo tayari ina kazi yako, tunaigeuza repo ya Git, yaani folda inayotunza historia ya kazi yako yote, kwa kuandika amri kwenye terminali, tunamaliza ikiwa na nakala sehemu ya pili.

Kabla ya amri yoyote kuna kitu nataka tuelewane. Git na GitHub ni vitu viwili tofauti, Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili kwenye mashine yako, GitHub ni saiti, na Git haihitaji intaneti. Watu wengi wanaanza na GitHub, wanafungua akaunti, wanahangaika na kuthibitisha barua pepe, wanatengeneza repo kule juu, bando linakata na hapo hata mstari mmoja wa kazi yao haujahifadhiwa. Wameanzia mwisho. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi wa 4 mwaka 2005, yule yule wa Linux, baada ya leseni ya bure ya BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo ambayo watu wa Linux walikuwa wanaitumia, kuondolewa, na aliitengeneza kwa ajili ya watu waliotawanyika dunia nzima ambao kila mmoja anakuwa na nakala kamili kwenye mashine yake. Kwa hiyo historia yote inakaa ndani ya folda yako wewe. Umeme ukatike, mtandao ulale, we unaendelea kuhifadhi mpaka betri iishe. GitHub ni sehemu ya kupeleka nakala tu, na kama nitakavyoonyesha hapo chini hata flashi inaweza kufanya hiyo kazi.

Mfano nitakaotumia ni folda inaitwa safari-web. Ndani ina index.html, bei.html, machame.html, faili la .env lenye paswedi ya databesi, folda ya picha na folda nyingine ya picha-orijino ambayo ndo zile picha za kamera kubwa alizokupa mteja kwenye diski, kila moja ina MB kibao.

Angalia kwanza kama Git ipo:

```
git --version
```

Ikijibu namba, freshi, songa mbele. Isipokuwepo, kwenye Ubuntu ni `sudo apt install git`, kwenye Windows unaishusha git-scm.com na inazidi MB 50 kwa hiyo kama una chalii mwenye faili lake kwenye flashi muombe tu, na ukishainstoli unapata kitu kinaitwa Git Bash, hicho ndo utumie kwa kila kitu nitakachoandika hapa, achana na ile terminali nyeusi ya kawaida ya Windows. Mac ukiandika hiyo amri yenyewe itakuuliza kama uinstoli. Na wale wenye simu tu, Termux inakubali `pkg install git` na inafanya kazi vizuri kabisa, nimeona mtu anakomiti (yaani anahifadhi toleo la kazi kwenye historia) akiwa ndani ya kifodi, daladala zetu za huku.

Halafu jitambulishe. Hii unafanya mara moja tu kwa kila mashine:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua@mfano.com"
git config --global init.defaultBranch main
git config --global core.editor nano
```

Mistari miwili ya kwanza usipoiweka mara nyingi Git itakataa kukomiti, inakuambia haikujui. Ila jua kwamba hilo jina na hiyo barua pepe vinaandikwa ndani ya kila komiti milele, na repo ikiwa ya wazi kila mtu anaisoma, kwa hiyo kama hutaki barua pepe yako izagae GitHub wanakupa anwani ya kujificha inayoishia na users.noreply.github.com, iko kwenye mipangilio ya akaunti yako. Mstari wa tatu unasema tawi la kwanza (tawi ni mlolongo wa komiti zinazofuatana) liitwe main, huo mpangilio ulikuja na Git 2.28 mwaka 2020, bila huo toleo nyingi zinakupa tawi linaitwa master halafu unakuja kugombana na GitHub ambao wenyewe wanatumia main. Mstari wa nne unachagua nano iwe kihariri chako cha maandishi, ni wa kukuokoa na Vim, kihariri kingine ambacho wengi hawajui kukitoka. Kama bado hujauweka na ukajikuta umekwama kwenye skrini ambayo haikubali chochote, bonyeza Esc, andika `:q!`, piga Enter, umetoka.

Wanaotumia kompyuta za maabara ya chuo au za intaneti kafe: usiweke `--global`. Ukiiweka, anayekaa kwenye hicho kiti baada yako komiti zake zote zinabeba jina lako, na wewe kesho unabeba la mwingine. Subiri mpaka uwe ndani ya repo halafu andika amri zile mbili za jina na barua pepe bila hilo neno, zitakaa kwenye repo hiyo tu.

Sasa ingia kwenye folda:

```
cd ~/Documents/safari-web
pwd
ls
```

Hiyo `pwd` usiiruke. Inakuambia uko wapi, na hapa ndo kuna balaa moja kubwa, mtu anafungua terminali, anaandika git init hapohapo akiwa kwenye folda la nyumbani, Git inaanza kuangalia kila kitu alichonacho kuanzia nyimbo mpaka vyeti vya shule. Ikishatokea dawa yake ni kufuta ile folda ya .git iliyozaliwa pasipotakiwa, hakuna kingine kinachoharibika, ila hakikisha uko penyewe kabla hujafuta. Jina la folda likiwa na nafasi katikati, mfano Kazi za Mteja, liweke ndani ya alama za nukuu, la sivyo `cd` inasoma neno la kwanza tu. Na repo usiiweke ndani ya folda inayojipakia yenyewe kwenye OneDrive au Google Drive, zile programu zinahamisha mafaili wakati Git nayo inaandika, mwisho wake unakuta historia imeharibika.

Haya, amri yenyewe:

```
git init
```

Inajibu kwamba imeanzisha repo tupu na inakuonyesha njia inayoishia na .git. Basi, imeisha, ni sekunde moja. Ukiirudia kwa bahati mbaya hamna shida, haifuti kitu.

Ila ngoja tuchungulie ndani kidogo, manake ukielewa hapa makosa mengi ya mbele hayatakusumbua. Andika `ls -a` utaona folda ya .git ambayo kwa kawaida imejificha. Halafu andika:

```
cat .git/HEAD
ls .git/refs/heads
```

Ya kwanza inajibu `ref: refs/heads/main`, yaani uko kwenye tawi la main. Ya pili haijibu kitu, ni patupu. Umeona hapo? Git inasema uko main lakini main yenyewe bado haipo, itazaliwa siku utakayofanya komiti ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayefanya git init halafu anakimbilia moja kwa moja kupushi (kupeleka komiti kwenye nakala ya nje) anapigwa na hili:

```
error: src refspec main does not match any
```

na anaanza kulaumu mtandao. Mtandao hauhusiki, hakuna kitu cha kupushi. Na kosa hilohilo linatokea kama tawi lako linaitwa master na we umeandika main, hapo `git branch -M main` inalibadilisha jina.

Kinachofuata watu wengi wanaweka `git add .` na hapo ndo wanapoharibu. Mi nasema kwanza faili la kupuuza, .gitignore. Sababu ni kwamba kitu kikishaingia kwenye komiti kukitoa ni kazi, ila kukizuia mlangoni ni mstari mmoja tu. Fungua:

```
nano .gitignore
```

na uandike:

```
.env
node_modules/
picha-orijino/
*.log
Thumbs.db
.DS_Store
~$*
```

Ctrl+O, Enter, Ctrl+X, umehifadhi na kutoka. Wa kwanza ni paswedi. Wa pili ni ule mzigo wa maktaba za JavaScript ambao unaweza kuwa na maelfu ya mafaili na mtu yeyote anaweza kuushusha upya mwenyewe. Wa tatu ni picha za kamera, hizo ziache kwenye diski, kwenye repo ingiza zile ulizozipunguza kwa ajili ya saiti. Wa mwisho ni vile vifaili ambavyo Excel inaviacha wakati umefungua karatasi la bei.

Kwa nini nasema nano na sio Notepad, ni kwa sababu Notepad inapenda kukuongezea .txt kwa nyuma bila kukuambia, unapata faili linaitwa .gitignore.txt na Git haina habari nalo. Na ile PowerShell inayokuja na Windows ukiandika `echo` na mshale kupeleka kwenye faili, inaandika kwa mfumo wa herufi ambao Git haiusomi kwenye .gitignore, unafungua faili unaliona liko sawasawa kabisa kwa macho lakini .env inapita tu. Utajuaje linafanya kazi? Muulize Git mwenyewe:

```
git check-ignore -v .env
```

Ikikuonyesha jina la .gitignore na namba ya mstari, limekamata. Ikikaa kimya, halijakamata, na usiendelee mbele mpaka likamate.

Kitu kingine hapa, folda tupu Git haiioni kabisa. Inahifadhi mafaili, sio mafolda. Kama unataka folda ya picha iwepo hata kabla hujaweka picha, weka ndani yake faili tupu, watu wamezoea kuliita .gitkeep: `touch picha/.gitkeep`.

Sasa ndo tunaongeza:

```
git add .
git status
```

Baada ya add mafaili yako yanakuwa kwenye steji, hayajahifadhiwa bado. Ni kama mizani ya pale geti la Machame la kupandia Kilimanjaro, mzigo wa mgumu (mpagazi) unapimwa kabla haujaanza kupanda, kikionekana kitu kisichotakiwa kinatolewa hapohapo chini na sio kule Shira. Kwa hiyo soma ile orodha ya git status mstari kwa mstari, usiipitishe tu macho. Unaona .env? Unaona faili la zip la GB nzima? Kama unatumia Windows inaweza pia kukupa onyo la LF na CRLF, hilo ni la alama za mwisho wa mstari, liache.

Kikiingia kisichotakiwa, kitoe hivi:

```
git rm --cached bei-za-siri.xlsx
```

Hilo neno `--cached` ndo muhimu, linakitoa kwenye steji na faili lenyewe linabaki kwenye folda yako salama. Kuna watu watakuambia tumia `git restore --staged`, ni kweli, ila hiyo inafanya kazi ukishakuwa na angalau komiti moja, kwenye repo mpya kabisa inagoma kwa sababu haina pa kurejea. Ukishakitoa kiongeze kwenye .gitignore, manake `git add .` ya kesho itakirudisha.

Ukiridhika:

```
git commit -m "Anzisha saiti: ukurasa wa mbele, bei na Machame"
```

Jibu lake litakuwa na neno root-commit na namba fupi ya herufi na tarakimu. Hiyo ndo komiti mama, zingine zote zitatokana nayo. Ukirudia `ls .git/refs/heads` sasa utaona main ipo.

Kwenye ujumbe wa komiti kuna mtego wa sisi waswahili ambao huukuti kwenye maelezo ya wazungu. Sema umetengeneza ukurasa wa kile kijiji cha utalii wa utamaduni pale juu ya mji, ukaandika:

```
git commit -m 'Ongeza ukurasa wa Ng'iresi'
```

Terminali inakaa tu na alama ya `>` inakusubiri. Haijakwama, ile alama ya kwenye Ng' imefunga nukuu katikati ya neno na ya mwisho imefungua nyingine mpya, kwa hiyo inasubiri uifunge. Ctrl+C, halafu uandike tena kwa nukuu mbilimbili, alama hii `"`. Ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, yote hayo yatakupiga hivyohivyo, we zoea nukuu mbilimbili tu. Na ukikopi amri kutoka kwenye meseji ya simu angalia alama zake, kibodi nyingi za simu zinazipinda zile nukuu na zinaunganisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu, kwa macho ni ileile ila terminali inakataa. Andika kwa mkono. Kupesti kwenye Git Bash, kwa wale wanaobonyeza Ctrl+V na hamna kinachotokea, ni Shift+Insert.

Ujumbe uandike Kiswahili kama timu yako ni ya Kiswahili, Git haijali lugha. Ila uandike kitu kinachoeleweka, sio "mabadiliko" au "sawa sasa". Na komiti kidogo kidogo, kila kazi moja komiti moja. Kwenye saiti za utalii hii inalipa kweli kwenye bei. Masika yakifika mwezi wa 4 na wa 5 kampuni zinashusha, mwezi wa 6 hai sizoni inaanza zinapandisha, halafu bosi anakupigia simu jioni anasema hebu turudishie zile za loo sizoni ya mwaka jana, na karatasi hana. Kama kila badiliko la bei ulilikomiti peke yake unaandika:

```
git log --oneline -- bei.html
```

inakuja orodha ya komiti zilizogusa faili hilo tu, unachagua namba, sema ni 3f1c2ab, halafu `git show 3f1c2ab:bei.html` unaisoma ilivyokuwa siku ile. Kama uliichanganya na rangi za menyu na picha za twiga kwenye komiti moja, utaipata pia ila utachambua sana.

Mpaka hapa, ukiacha kuishusha Git yenyewe, hatujatumia hata KB moja ya bando, na repo imekamilika. Shida iliyobaki ni kwamba iko kwenye mashine moja na mashine inaibiwa, inaanguka, inamwagiwa chai. Inahitaji nakala ya pili.

Mi naanza na flashi. Chomeka, angalia imepewa herufi gani, tuseme ni E, kwenye Git Bash hiyo inaandikwa /e:

```
git init --bare /e/safari-web.git
git remote add flashi /e/safari-web.git
git push -u flashi main
```

Hiyo `--bare` inatengeneza repo isiyo na mafaili ya kufungua na kuhariri, ina historia tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa repo ya kupokea. Ukienda kukopi folda kwa mkono kila jioni utachanganya toleo, ila hapa kila ukimaliza kazi ni `git push flashi main` na inapeleka kilichobadilika peke yake. Unampa mwenzako hiyo flashi pale Kijenge, anaandika `git clone /e/safari-web.git` na anapata kila kitu na historia yake yote.

Kwenye flashi unaweza kukutana na ujumbe wa kutisha, dubious ownership. Flashi nyingi ziko kwenye FAT32 au exFAT, mifumo hiyo haiandiki faili ni la nani, na Git tangu toleo la 2.35.2 la mwezi wa 4 mwaka 2022 inakataa repo ambayo mwenyewe wake haeleweki, ni mambo ya usalama. Kama flashi ni yako mwenyewe iambie unaiamini, na huo ujumbe wenyewe unakuandikia amri ya kukopi, inafanana na hii:

```
git config --global --add safe.directory E:/safari-web.git
```

Flashi ya kuokota usiifanyie hivyo.

Ukishakuwa na bando zuri au uko kwenye waifai ya ofisi, hapo sasa GitHub. Fungua repo mpya kule, ipe jina, chagua iwe ya faragha kama ni kazi ya mteja, ni bure, na zile sehemu za kuongeza README, .gitignore na leseni ZIACHE TUPU. Narudia, tupu. Ukiweka README kule unatengeneza komiti ya kule ambayo hapa kwako haipo, na ukipushi inakataliwa inakuambia fetch first. Kama ishatokea sio mwisho wa dunia, `git pull --rebase origin main` kisha upushi tena, ila kwa nini ujitafutie kazi.

Paswedi ya akaunti haifanyi kazi kwenye terminali, GitHub waliiondoa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 2021, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema weka jina na paswedi yaruke. Tengeneza ufunguo wa SSH, ni jozi ya mafaili inayokutambulisha badala ya paswedi:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "barua@mfano.com"
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Amri ya kwanza inakuuliza pa kuhifadhi, piga Enter, halafu inakuuliza neno la siri la ufunguo, ukiandika herufi hazionekani kabisa hata nyota hakuna, usidhani kibodi imekufa. Ya pili inakuonyesha mstari mmoja mrefu, ukopi wote, kwenye GitHub ingia Settings, SSH and GPG keys, ongeza ufunguo mpya, pesti hapo. Unaopesti ni ule wenye .pub mwishoni. Ule usio na .pub haumpi mtu yeyote, hata fundi, hata shemeji yako. Jaribu:

```
ssh -T git@github.com
```

Mara ya kwanza inauliza kama unaiamini hiyo seva, andika yes kwa ukamilifu wake, kisha inakusalimia kwa jina la akaunti yako. Ikikaa kimya muda mrefu mpaka inakata, mara nyingi ni waifai imefunga porti 22, baadhi ya mahoteli na maofisi wanafanya hivyo. Fungua `nano ~/.ssh/config` uandike:

```
Host github.com
  Hostname ssh.github.com
  Port 443
  User git
```

Inapita kwenye porti ileile ya kurasa za kawaida za intaneti, hawawezi kuifunga hiyo. Na ikisema Permission denied (publickey), hapo mtandao ni mzima, ufunguo ndo haujapesti au umepesti kwenye akaunti nyingine.

Kisha:

```
git remote add origin git@github.com:jinalako/safari-web.git
git push -u origin main
```

Ikisema origin already exists, uliishaiongeza kabla, irekebishe kwa `git remote set-url origin` ukifuatisha na anwani sahihi. Hiyo `-u` inakumbuka tawi linaenda wapi, na kwa kuwa ndo ya mwisho kutumika, kuanzia sasa `git push` tupu itaenda GitHub, ya flashi utaitaja kwa jina.

Kuhusu bando kwenye kupushi: mara ya kwanza inapeleka historia yote, baada ya hapo tofauti tu, ambazo kwa mafaili ya maandishi ni ndogo sana. Ila kupushi hakuendelei kuanzia kilipokatikia. Mtandao ukikata kwenye asilimia 90 unaanza moja, na MB zilizokwenda zimekwenda. Kwa hiyo angalia uzito kabla:

```
du -sh .git
```

Saiti ya kawaida yenye picha zilizopunguzwa haitakutisha. Ukiona mamia ya MB kuna kitu kimepita mlangoni. Na faili moja likizidi MB 100 GitHub wanalikataa kabisa, kuanzia MB 50 wanakupa onyo, na wanalikataa baada ya kulipandisha, ndo inavyouma.

Kama umegundua .env imeingia kwenye komiti na bado hujapushi popote na ndo komiti ya mwisho, unawahi:

```
git rm --cached .env
git commit --amend --no-edit
```

Kama ishafika GitHub, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, ile ya nyuma bado inayo na mtu anaisoma. Hapo badilisha paswedi yenyewe ya databesi kwanza, leo hii, usafi wa historia utafuata baadaye.

Mwisho jaribu kama nakala inafanya kazi kweli. Toka nje ya folda na uikloni kama mtu mgeni:

```
cd ~
git clone git@github.com:jinalako/safari-web.git jaribio
ls -a jaribio
```

Kama unaokoa bando ikloni kutoka kwenye flashi. Fungua index.html ya humo kwenye brauza, picha zote zionekane, bei zionekane, na kwenye orodha .env ISIWEPO wakati .gitignore ipo. Picha ikikosekana ukishapandisha saiti kwenye seva na kwako ipo, mara nyingi umeiita Twiga.JPG na kwenye ukurasa umeandika twiga.jpg, Windows hajali ila seva ya Linux itajali, rekebisha kwa `git mv` ndani ya repo halisi, komiti, pushi. Ukishaona iko poa andika `rm -rf jaribio`, na kabla hujapiga Enter soma tena jina la folda.